Nahau za Kihispania na Wenzao wa Kiingereza
Somo la lugha kwa wanafunzi wa madarasa ya juu



Wanafunzi wapenzi, mmenizoea katika Fiqhi na Sira, na huenda mkajiuliza mwalimu wenu amefikaje Hispania. Nimefikishwa huko na kosa langu mwenyewe. Nitaanza kwa kulisimulia, kwani mwenye kukiri kosa lake huwaokoa wenziwe wasilirudie.

KOSA LA MWALIMU

Miaka michache iliyopita nilianza kujifundisha Kihispania kwa kitabu na kamusi. Kiingereza nilikuwa nakijua kiasi, nikadhani kazi itakuwa nyepesi: nitafikiri kwa Kiingereza, kisha nitabadilisha neno moja moja. Siku moja wakaja mjini kwetu wageni kutoka Hispania, mzee mmoja na mkewe na mtoto wao wa kiume aliyekuwa mtu mzima. Tuliwakaribisha barazani, tukawapa kahawa, na mazungumzo yakawa marefu. Mzee yule alikuwa ametoka kuugua, nami nikamwona anasugua magoti. Nikataka kumuuliza kwa adabu kama angependa kuinuka atembee kidogo.

Kwa Kiingereza jambo hilo husemwa "to stretch one's legs", yaani kunyoosha miguu. Katika kamusi yangu neno "mguu" lilikuwa na maneno mawili ya Kihispania, nami nikachagua lililo fupi. Nikamuuliza mzee wa watu, tena kwa tabasamu: "¿Quiere estirar la pata?"

Mkewe aliweka kikombe chini. Mzee akanitazama asiseme kitu. Mtoto wao ndiye aliyenusuru baraza, akanivuta pembeni na kunieleza. "Estirar la pata" neno kwa neno ni kunyoosha mguu, lakini Mhispania akilisikia hasikii habari ya mguu. Anasikia kufa, tena kufa kwa maneno ya mzaha na utovu wa adabu, kama sisi tunavyosema fulani "amekata kamba". Nilikuwa nimemuuliza mgonjwa kama anataka kukata kamba!

Nilimwomba radhi, akacheka, yakaisha. Lakini nilijifunza kwamba mtu anaweza kulijua kila neno katika sentensi na asiijue sentensi yenyewe. Hilo ndilo somo letu.

NAHAU NI NINI?

Kwanza tuondoe utata. Katika darasa la Kiarabu mnasoma Nahwu, nayo ni elimu ya kupanga maneno na kuyatia irabu mwishoni. Katika Kiswahili, nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana ya neno moja moja. Tunaposema "Ali amepata jiko", hakuna anayemuuliza kama ni la mkaa au la gesi. Ali ameoa.

Kiarabu pia kinazo. Waarabu humwambia mtu aliyerudi bila alichokifuata kwamba amerudi na khofu mbili za Hunayn, yaani viatu viwili vya Hunayn. Anayetafsiri neno kwa neno atadhani mtu huyo amerudi na mali, walau viatu! Kumbe maana ni kwamba amerudi mikono mitupu.

Basi anayetafsiri ana mizani mbili mkononi. Moja hupima maneno, nyingine hupima maana. Katika nahau mizani ya kwanza hudanganya. Tutatumia M tatu kila tukutanapo na nahau:

1. MAANA: Wenye lugha wanakusudia nini wanaposema hivi?
2. MAHALI: Husemwa wapi, na nani, kwa nani? Ni ya heshima, ya mzaha, au ya dharau?
3. MWENZI: Je, lugha ya pili ina nahau yenye maana ile ile na inayosemwa mahali pale pale?

Ikiwa mwenzi hakupatikana, usimlazimishe. Sema maana kwa lugha ya wazi. Hilo si aibu.

NAMNA YA KUSOMA KIHISPANIA

Wanafunzi wa Kiarabu wana nafuu katika matamshi ya Kihispania. Herufi J hutamkwa karibu na kha. Herufi Ñ ni sawa na NY ya Kiswahili, ndiyo maana España husomwa Espanya. LL kwa wasemaji wengi ni kama Y. H haitamkwi kabisa. Z, na pia C ikifuatwa na E au I, katika sehemu kubwa ya Hispania hutamkwa kama tha ya neno "thelathini", na huko Amerika ya Kusini na ya Kati hutamkwa S. Irabu zake ni tano tu, a, e, i, o, u, na husomwa kama zetu.

Kihispania ni lugha ya nchi zipatazo 20, nyingi zikiwa Amerika. Moja iko hapa hapa Afrika, nayo ni Guinea ya Ikweta.

FUNGU LA KWANZA: PICHA MOJA, MAANA MOJA

Zipo nahau ambazo Kihispania na Kiingereza hutumia picha ile ile, au karibu yake. Hizi ndizo nyepesi.

"Matar dos pájaros de un tiro" ni kuua ndege wawili kwa risasi moja. Mwingereza husema "to kill two birds with one stone", naye hutumia jiwe. Nasi husema kuua ndege wawili kwa jiwe moja.

"Estar en las nubes" ni kuwa mawinguni. Kiingereza ni "to have one's head in the clouds". Ni mtu ambaye mwili uko darasani na akili haipo. Wapo kati yenu, na majina ninayo!

"Las paredes oyen" ni kuta zinasikia. Kiingereza ni "walls have ears", na Kiswahili husema kuta zina masikio.

"Meter la pata" ni kuingiza mguu mahali pasipostahili. Kiingereza ni "to put one's foot in it". Maana yake ni kusema au kutenda jambo la aibu bila kukusudia. Wazee wetu walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na hapa Mhispania na Mwingereza wote wawili wanamtaja mguu ilhali aliyekosa mara nyingi ni ulimi.

Hatari ya fungu hili ni kwamba linamzoesha mwanafunzi uvivu. Akifaulu mara nne kwa neno kwa neno, mara ya tano huanguka.

FUNGU LA PILI: PICHA MBALIMBALI, MAANA MOJA

Hapa kila lugha imechukua picha yake kutoka jikoni, sokoni au mwilini.

"Ser pan comido" ni kuwa mkate ulioliwa. Mwingereza husema "a piece of cake", kipande cha keki. Wote wanakusudia kazi rahisi. Mhispania akitoka chumba cha mtihani na kusema "El examen fue pan comido", usimuulize mkate ulikuwa wapi. Kwa Kiswahili cha vijana, mtihani ulikuwa mteremko.

"Costar un ojo de la cara" ni kugharimu jicho la usoni. Kwa Kiingereza ni "to cost an arm and a leg", mkono na mguu. Sisi tunasema bei haishikiki. Tazameni jinsi kila kaumu ilivyopima ughali kwa kiungo chake.

"Llover a cántaros" ni kunyesha kwa mitungi. Kiingereza ni "to rain cats and dogs", kunyesha paka na mbwa. Picha ya Kihispania inaeleweka hata kwa mgeni, ile ya Kiingereza haieleweki mpaka uelezwe. Kwetu, mvua inamwagika.

"Hablar por los codos" ni kusema kwa viwiko. Mwingereza humsifu mtu wa namna hiyo kuwa anaweza "to talk the hind leg off a donkey", yaani kusema mpaka punda ang'oke mguu wa nyuma. Sisi humwita mwenye maneno mengi kama chiriku.

"No tener pelos en la lengua" ni kutokuwa na nywele ulimini. Kiingereza ni "not to mince one's words". Ni mtu asemaye wazi bila kumung'unya maneno. Msiichanganye na methali yetu ya ulimi hauna mfupa. Methali hiyo humlaumu ulimi kwa kusema lolote, na nahau ya Kihispania aghalabu husifu uwazi.

"Tomar el pelo" ni kumshika mtu nywele. Kiingereza ni "to pull someone's leg", kumvuta mguu. Wote hawajamgusa mtu. Wanamtania kwa kumwambia jambo lisilo kweli ili wamwone ataamini. Mtu akikuambia "Me estás tomando el pelo", jibu lake ni kumhakikishia kuwa husemi mzaha.

"Ser uña y carne" ni kuwa ukucha na nyama. Ni marafiki wasioachana, sisi tunasema chanda na pete. Kiingereza kina "to be as thick as thieves", kuwa na ukaribu kama wezi. Je, tuitumie? Hapa inakuja M ya pili. Nahau ya Kiingereza hubeba harufu ya watu wanaoshirikiana siri. Kwa marafiki wawili wanaocheka pembeni, inafaa. Katika barua ya kumsifu mwalimu mkuu na naibu wake, sema kwa lugha ya wazi kuwa ni marafiki wakubwa.

"De tal palo, tal astilla" ni kijiti kile, kibanzi kile kile. Kiingereza ni "a chip off the old block". Ni mtoto aliyemfanana mzazi. Kiswahili kina methali zaidi ya moja hapa. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, hiyo ni ya kumsifu mtoto aliyefuata kazi ya babake. Mtoto wa nyoka ni nyoka, hiyo ni shutuma. Ya Kihispania huenda pande zote mbili, kwa sifa na kwa lawama. Mfasiri asiyetazama mahali anaweza kumwita baba wa watu nyoka mbele ya wageni wake.

FUNGU LA TATU: WANAFANANA, LAKINI SI NDUGU

Ndugu zangu, fungu hili lataka utulivu, na waliosoma mlango wa kuuza na kununua katika Fiqhi watalifahamu upesi.

Mhispania husema "dar gato por liebre", kutoa paka badala ya sungura. Mwingereza husema "to buy a pig in a poke", kununua nguruwe ndani ya mfuko. Mswahili husema kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wanyama tofauti, soko moja. Wengi hukimbilia kusema zote tatu ni sawasawa.

Hazilingani sawasawa. Katika Kiingereza, na aghalabu katika Kiswahili, lawama iko katika gunia. Umenunua usichokiona. Huenda ndani mna mbuzi mzuri, huenda mna mbuzi mgonjwa, huenda hamna mbuzi. Katika Fiqhi hii tunaiita gharari, kuuza kisichojulikana. Katika Kihispania hakuna gunia. Muuzaji anajua kabisa kuwa hii ni nyama ya paka, naye anakuambia ni sungura. Huo ni udanganyifu, nao tunauita ghishi, na neno lake mnalitumia kila siku bila kujua mlipolitoa: kughushi.

Sasa fikiria uko kwa kadhi au mahakamani, unafasiri kwa ajili ya mfanyabiashara anayesema "Me dieron gato por liebre". Ukisema "aliuziwa mbuzi kwenye gunia", hakimu ataelewa kwamba mtu huyu alinunua kwa pupa bila kukagua, na lawama itamrudia yeye. Naye alikuwa anadai kwamba alidanganywa makusudi. Umegeuza dai lake, na hakuna neno hata moja ulilolikosea. Sema wazi: walimdanganya, walimpa kitu duni wakamwambia ni bora.

Kwa hiyo nasema kuwa kufasiri ni amana. Msemaji amekukabidhi maana yake nawe huna ruhusa ya kuibadilisha.

Wa pili katika fungu hili ni ile nahau iliyoniaibisha. "To stretch one's legs" ya Kiingereza ina mwenzi wa halali katika Kihispania, nayo ni "estirar las piernas". Neno "pierna" ni mguu wa mtu, na "pata" ni mguu wa mnyama. "Estirar la pata" yenyewe, mwenziwe wa Kiingereza ni "to kick the bucket", kupiga teke ndoo. Nazo zote mbili hazisemwi msibani. Kiswahili kinatufunza adabu hiyo hiyo: tunasema marehemu amefariki, ameaga dunia, au amekwenda njia ya marahaba. Amekata kamba tunawaachia watu wa kijiweni.

FUNGU LA NNE: NAHAU ZENYE HISTORIA NDANI YAKE

Baadhi ya nahau zimebeba historia ya nchi. Waingereza husema "to carry coals to Newcastle", kupeleka makaa ya mawe Newcastle, mji uliokuwa ukiyasafirisha kwa wingi. Wahispania husema "llevar hierro a Vizcaya", kupeleka chuma Vizcaya, jimbo la kaskazini lililokuwa na migodi ya chuma. Wote wanamcheka anayepeleka kitu mahali kilipojaa. Tukitaka kutunga yetu tutasema kupeleka karafuu Pemba.

Na Hispania ina historia nyingine inayotuhusu. Waislamu waliingia huko mwaka 711 wakiongozwa na Tariq bin Ziyad, ambaye jina lake limebaki katika mlima Jabal Tariq, Gibraltar ya leo. Granada, dola yao ya mwisho, ilianguka mwaka 1492. Karibu karne nane za kuishi pamoja ziliacha maneno mengi ya Kiarabu katika Kihispania, na kwa kuwa Kiswahili nacho kilichota kisima hicho, tunakutana na jamaa zetu: "azúcar" ni sukari, "hasta" ni hata, na "alcalde", ambaye leo ni meya wa mji, asili yake ni al-qadi, kadhi. Katika nahau, tutazame tatu.

Ya kwanza ni "fulano, mengano y zutano". Fulano ni fulani wetu. Mengano asili yake ni Kiarabu, man kana, "aliyekuwa nani". Kiingereza husema "Tom, Dick and Harry", na kwetu ni fulani na fulani. Lakini tahadharini! Tom, Dick and Harry mara nyingi husemwa kwa kudharau, kama kusema kila mpita njia. Na katika Kihispania, kumwita mwanamke "una fulana" ni kumtukana tusi la kumvunjia heshima. Neno ambalo kwetu halina kosa, kwao lina jeraha.

Ya pili ni "ojalá". Asili yake ni law shaa Allah, kama alivyotamka Mwarabu wa Andalusi. Wengi hukurupuka wakasema ojalá ni inshallah. Waliosoma Nahwu watauliza: je, ni "in" au ni "law"? Hilo ni swali zuri. Tazama mifano:

- "¡Ojalá llueva mañana!" Natamani kesho mvua inyeshe. Kiingereza huanza kwa "I hope".
- "¡Ojalá fuera médico!" Laiti ningekuwa daktari. Kiingereza ni "If only I were a doctor".
- "¡Ojalá lo hubiera sabido!" Laiti ningalijua. Kiingereza ni "If only I had known".

Kwa hiyo ojalá ni neno la kutamani, liko karibu na laiti kuliko inshallah. Halifuatani na ahadi. Ukitaka kuahidi, Mhispania husema "Mañana vendré, si Dios quiere", kesho nitakuja Mungu akipenda, na mwenziwe wa Kiingereza ni "God willing". Hiyo ndiyo inshallah. Aidha, ojalá leo husemwa na kila mtu, mwenye dini na asiye na dini, na wengi hawajui kuwa ndani yake mna jina la Allah. Ukilisikia, usimhukumu msemaji kwa asili ya neno, mfasirie anachokusudia.

Ya tatu ni nzito kidogo: "hay moros en la costa", kuna Wamori pwani. Wamori ndilo jina walilowaita Waislamu wa Andalusi na wa Afrika ya Kaskazini. Baada ya kuanguka Granada, bahari ya Mediterania ikawa ya vita na utekaji wa pande zote mbili. Mabaharia wa Afrika ya Kaskazini walishambulia pwani za Hispania, na Wahispania nao walishambulia miji ya upande wa pili na kuteka watu. Kati ya 1609 na 1614 Hispania iliwafukuza Wamorisko, kizazi cha Waislamu waliolazimishwa Ukristo, na wengi wao wakahamia Afrika ya Kaskazini. Katika pwani ya Hispania ilijengwa minara ya walinzi, na mlinzi akiona jahazi la adui hupiga ukelele.

Leo ukelele huo umebaki nahau. Watu wawili wanaongea siri, wa tatu anatokea, mmoja ananong'ona "hay moros en la costa": tahadhari, kuna mtu anasikia. Kinyume chake, "no hay moros en la costa", mwenziwe wa Kiingereza ni "the coast is clear", pwani ni shwari. Kwa bahati lugha zote mbili zimetaja pwani, lakini Mwingereza hamtaji mtu.

Mwanafunzi Mwislamu akiisikia hii afanye nini? Nasema atumie M tatu kama kawaida. Maana yake leo ni tahadhari tu, na anayeisema mara nyingi hafikirii Waislamu, kama nasi tusivyofikiria jiko tunaposema amepata jiko. Basi usigombe na msemaji kabla ya kujua nia yake. Lakini mahali pake pana utata, kwani kuna wanaoumizwa nayo. Kwa hiyo uielewe ukiisikia, na wewe mwenyewe useme "las paredes oyen", ambayo haimtaji mtu na watu hawamlaumu msemaji wake.

MFANO WA SANCHO PANZA

Mwandishi mkubwa wa Kihispania, Miguel de Cervantes, aliijua bahari hiyo. Alitekwa mwaka 1575 akakaa mateka Algiers miaka mitano. Baadaye akaandika kitabu cha Don Quijote, juzuu ya kwanza 1605 na ya pili 1615, na ndani yake akajifanya kuwa habari hizo ziliandikwa na mwanahistoria Mwarabu aitwaye Cide Hamete Benengeli. Neno Cide ni sidi, yaani bwana wangu.

Katika kitabu hicho mtumishi Sancho Panza hujaza mazungumzo kwa methali, nyingine zikifaa na nyingine zikija tu kama maji ya bomba lililopasuka. Bwana wake humkaripia mara kwa mara. Hamkarипii kwa kujua methali, humkaripia kwa kuzimwaga pasipo mahali pake. Nasi tuwe na haya hiyo. Mwenye nahau kumi anayezitia mahali pake ni bora kuliko mwenye mia anayezimwaga.

ZOEZI

Oanisha nahau au methali ya Kihispania na mwenziwe wa Kiingereza, kisha utafute ya Kiswahili. Usitazame majibu kabla ya kujaribu.

1. Agua pasada no mueve molino. (Maji yaliyopita hayazungushi kinu.)
2. Camarón que se duerme, se lo lleva la corriente. (Kamba wa baharini akilala huchukuliwa na mkondo.)
3. Tirar la casa por la ventana. (Kuitupa nyumba kupitia dirishani.)
4. En casa de herrero, cuchillo de palo. (Nyumbani kwa mhunzi, kisu cha mti.)
5. Más vale pájaro en mano que ciento volando. (Ndege mmoja mkononi ni bora kuliko mia warukao.)

A. To push the boat out.
B. The cobbler's children go barefoot.
C. A bird in the hand is worth two in the bush.
D. It's water under the bridge.
E. You snooze, you lose.

Majibu: 

1 na D. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

2 na E. Iliyo karibu nayo ni ajizi nyumba ya njaa.

3 na A. Ni kutumia mali bila kuhesabu, hasa katika sherehe. Sema kwa lugha ya wazi.

4 na B. Fundi huwafanyia watu kazi, nyumbani kwake akakosa. Wengi wataandika kinyozi hajinyoi, nao watakosa, kwani hiyo husema kila mtu humhitaji mwenziwe.

5 na C. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Mhispania kahesabu mia, Mwingereza wawili, Mswahili kumi. Hesabu zimetofautiana, busara ni moja.

HITIMISHO

Wanafunzi wapenzi, baadhi yenu mtakuwa walimu, wengine mtatembeza wageni, wengine mtakaa hospitalini au mahakamani mkiwasemea watu wasiojua lugha ya wenyeji. Siku hiyo mtu ataweka maneno yake mdomoni mwenu, nanyi ndio mtakaojua kama yamefika au yamepotea njiani. Ukikutana na nahau usiyoijua, usione haya kusema: "Subiri, nieleze unakusudia nini." Swali hilo moja lingeniokoa barazani.

Yule mzee alipoagana nami alinishika mkono, akanyanyua mguu wake kidogo, akaniambia kwa taratibu ili nimwelewe: "Las piernas, maestro, las piernas." Kwa Kihispania, mimi nilikuwa nime-"meter la pata" kwa kusema "estirar la pata". Sijaisahau nahau hata moja kati ya hizo mbili, nanyi nawaombea msizisahau bila ya kupita njia niliyopita mimi.

Wabillahi tawfiq.